Juu ya Kucheka na Kuchekwa

Ikiwa siku moja, msomaji, safari itakufikisha Uholanzi katika mwezi wa Februari au mwanzo wa Machi, nawe ukashuka garimoshi katika mmoja wa miji ya kusini, usishtuke kumwona hakimu amevaa shati la mkulima, na mwalimu mkuu amejipachika manyoya ya kuku, na bibi wa miaka sabini akipiga ngoma katikati ya barabara. Hawakupatwa na wazimu. Wamo katika karnivali, na kwa siku tatu hutampata katika mji ule mtu wa kuzungumza nawe jambo moja la maana. Nakuandikia haya kwa kuwa mimi, nilipopelekwa nchi ile kwa masomo ya miezi michache, nilishuka garimoshi namna hiyo bila kuambiwa na mtu, nimevaa suti nyeusi na tai, nikaona haya. Lakini nakuandikia pia kwa sababu ya swali nililorudi nalo nyumbani, wala swali hilo haliwahusu Waholanzi peke yao: ni nani aliye na haki ya kumcheka mwenziwe?

Asili ya sherehe hii imo katika dini. Jumatano ya Majivu huanza Kwaresima, saumu ya siku arobaini kabla ya Pasaka, na watu wa kale, kabla ya kuiaga nyama na mafuta, walikula karamu ya mwisho. Siku za karnivali ni Jumapili, Jumatatu na Jumanne zinazoitangulia Jumatano hiyo, ingawa siku hizi wengi huanza tangu Ijumaa. Kwa kuwa Pasaka huhama, karnivali nayo huhama: mwaka 2024 Jumapili yake ilikuwa tarehe 11 Februari, na mwaka 2025 ilikuwa tarehe 2 Machi. Usiende kuitafuta Amsterdam. Kaskazini ya nchi ilifuata Uprotestanti tangu karne ya 16, ikaacha mambo haya. Karnivali ilibaki hasa kusini ya mito mikubwa, katika majimbo ya Noord-Brabant na Limburg, ambako watu walidumu katika Ukatoliki. Mchoraji Pieter Bruegel aliionyesha mwaka 1559 katika picha ambayo hata leo imo Vienna: mtu mnene amepanda pipa, ameshika kijiti cha kuchomea nyama kana kwamba ni mkuki, naye anapambana na mtu mkondefu mwenye samaki wawili juu ya kafi ya mwokaji mikate. Mnene ni Karnivali, mkondefu ni Kwaresima. Likumbuke pipa hilo, maana nitalirudia.

Msimu wenyewe hutangazwa mapema, tarehe 11 Novemba, saa tano na dakika kumi na moja ya asubuhi, ambayo kwa hesabu ya Wazungu ni saa kumi na moja na dakika kumi na moja. Kumi na moja ni hesabu ya wajinga. Wengine hueleza kwamba imepita amri kumi za Mungu, tena haikuwafikia mitume kumi na wawili. Basi ni hesabu isiyo na kwao. Kila mji huteua mtu awe Mwana wa Mfalme wa karnivali, akawa na baraza la watu kumi na mmoja, na meya wa kweli humkabidhi ufunguo wa mji. Kuanzia hapo, kwa mzaha, serikali imepinduliwa.

Sasa nikueleze mavazi, kwa kuwa hapo ndipo mgeni hukosea. Usidhani karnivali ni moja. Katika mji wa Maastricht kila mtu hujishonea vazi lake na kujipaka usoni rangi za kila namna, na sherehe hufunguliwa katika uwanja wa Vrijthof kwa mizinga kumi na mmoja, ikapandishwa juu sanamu ya mwanamke muuza mboga. Bendi zinazozunguka mji ule huitwa kwa utani bendi za walevi. Katika mji wa Bergen op Zoom watu hujitanda kipande cha pazia kuukuu la lasi na kufunga leso nyekundu shingoni. Lakini katika mji wa 's-Hertogenbosch, nilikokuwa mimi, vazi ni moja kwa wote: shati pana la samawati la mkulima wa zamani, na skafu ya rangi tatu, nyekundu, nyeupe na manjano. Juu ya shati hushonwa nembo za kitambaa. Kila mwaka hutoka nembo mpya, na mzee aliyesherehekea miaka mingi huenda asionekane shati lake kwa wingi wa nembo. Ndani ya shati hilo vaa sweta mbili. Baridi ya Februari haina mzaha. Jifunze pia salamu. Limburg, na katika miji mingi ya Brabant, watu hupaza sauti wakisema "Alaaf!" lakini huko 's-Hertogenbosch neno hilo si lao, nami nililipaza mara moja tu. Bia hunywewa kwa wingi, jambo ambalo sikusifii. Tangu mwaka 2014 sheria ya nchi imekataza kumuuzia kileo mtu asiyetimiza miaka 18.

Haya yote ni nje ya jambo. Ndani yake ni hivi. Mji wa 's-Hertogenbosch ni makao makuu ya jimbo, una kanisa kubwa la kale na mahakama na ofisi za serikali. Lakini karnivali ikifika, mji huo hujivua jina lake na heshima yake. Hujiita Oeteldonk, nao si mji tena bali ni kijiji cha kinamasini, na alama yake ni chura. Chama kinachosimamia mambo hayo kilianzishwa mwaka 1882. Uwanjani sokoni husimamishwa sanamu kubwa ya mkulima aitwaye Knillis, na asubuhi ya Jumapili Mwana wa Mfalme huwasili stesheni kwa garimoshi, akapokewa na meya wa mzaha mwenye jina refu la kuchekesha. Tajiri wa mji ni mkulima, mfagiaji ni mkulima, wakili ni mkulima. Nguo za kumtambulisha mtu kuwa bwana zimewekwa kabatini.

Miji mingine nayo ina majina yake ya siku hizo. Eindhoven, ambako kiwanda cha taa cha Philips kilianzishwa mwaka 1891, huwa Shimo la Taa. Breda huwa Shimo la Mashati ya Wakulima. Ila jina lililonigusa zaidi ni la Tilburg. Zamani mji ule ulikuwa wa wafumaji wa sufu, watu maskini. Mkojo ulitumiwa viwandani katika kusafisha sufu, na wafumaji walikuwa wakiukusanya nyumbani mwao katika mitungi, wakaupeleka kiwandani kwa malipo kidogo. Watu wa miji jirani wakawabandika jina la tusi, wakawaita wakojoleao mitungi. Ungelitarajia kwamba wajukuu wa wafumaji hao wangetaka tusi hilo lizikwe lisitajwe. La. Siku za karnivali Tilburg hujiita Mji wa Mitungi, na mjini imewekwa sanamu ya mtu huyo na mtungi wake. Tusi wamelichukua mikononi mwa waliowatukana, wakalivaa kichwani kama taji. Nani atawatukana tena kwa hilo?

Wala si Tilburg peke yake iliyochekwa. Baada ya mkataba wa mwaka 1648 sehemu kubwa ya Brabant ilitawaliwa na dola ya Uholanzi kama nchi iliyotekwa, bila mjumbe katika baraza kuu la dola, na Wakatoliki hawakuruhusiwa kusali hadharani. Mambo yalikaa hivyo mpaka mwaka 1795. Watu wa kusini walihesabiwa kuwa washamba, wazito wa ulimi, wenye lafudhi ya kuchekesha. Ukiyajua hayo, shati la mkulima halionekani tena kuwa nguo ya kuchezea tu.

Sasa nirudi kwenye pipa. Katika majuma ya kabla ya karnivali, katika kumbi za Brabant, huwekwa jukwaani pipa la mbao lililo wazi juu. Mtu hupanda akaingia ndani, akaonekana tangu kifuani, akaanza kusema na watu kwa lahaja ya nyumbani. Huwasema wote: meya aliyeketi kiti cha mbele, padre, daktari, mwenye duka anayepunja mizani. Usiku niliohudhuria mimi, jirani yangu alinitafsiria kwa kunong'ona, na machozi ya kicheko yalikuwa yakimtoka hata nusu ya maneno ikanipotea. Lakini nililiona jambo moja bila kutafsiriwa. Yule mtu aliyekuwa pipani, kabla hajamgusa meya, alijisema mwenyewe kwa muda wa robo saa: upara wake, deni lake, woga wake kwa mama mkwe, ujinga wake alipokuwa shuleni. Alijivua nguo moja baada ya nyingine mbele ya watu, yaani kwa maneno. Alipokwisha kubaki hana kitu ndipo alipomgeukia meya, na meya akacheka kwa moyo, maana hakuonewa.

Nilipokuwa nikimtazama mtu yule, nilimkumbuka mtu mwingine, na kicheko kikanitoka mdomoni. Nilipokuwa kidato cha pili katika shule ya bweni, ambayo sitaitaja, ilikuwa desturi yetu kuwapokea wanafunzi wapya kwa dhihaka. Wengine tuliwapa kijiti cha kibiriti wapime nacho urefu wa bweni. Kijana mmoja, aliyekuja kutoka mbali, alikuwa na matamshi ya kwao, akichanganya herufi mbili ambazo sisi tulijiona tunazijua. Tulimsimamisha juu ya sanduku lake la bati, lile alilonunuliwa na mama yake, tukamwambia ahutubie. Alihutubia. Tulicheka mpaka tukagaagaa vitandani. Nami sikuwa mmoja wa waliotazama tu. Mimi ndiye niliyempa maneno ya kusema, nikiyachagua yenye herufi zile. Muhula wote uliofuata kijana yule hakuinua mkono darasani hata mara moja. Mwalimu alidhani hana akili.

Tazama sasa: sanduku na pipa, msomaji. Vyote viwili vina mtu juu yake na watu wanaocheka chini. Kwa mbali huwezi kutofautisha. Sisi pia tungaliulizwa tungalisema ni mzaha, ni desturi, hata sisi tulifanyiwa. Lakini mtu wa pipa alipanda mwenyewe, na yule wa sanduku alipandishwa. Mtu wa pipa alimsema meya ambaye kesho yake ataamka angali meya. Sisi tulimsema mtu ambaye hakuwa na kitu shuleni pale isipokuwa ulimi wake, tukamnyang'anya huo.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya kumwona Mholanzi. Utani, ambao makabila mengi ya Afrika Mashariki wanao, una masharti yake: mtani hukutukana nawe una ruhusa ya kumtukana, tena siku ya msiba mtani huyo huyo ndiye anayekuja kukufanyia kazi na kukuchekesha. Mtu asiye mtani wako akikutania, hilo si utani, ni ufidhuli. Kumbe kicheko nacho kina deni na malipo kama mkopo.

Kwa kipimo hicho sina budi kueleza pia jambo lililonichukiza, kwa kuwa ningekudanganya kama ningelipita. Siku ya Jumatatu, katika mji mwingine, kikundi cha vijana kilinijia njiani. Walikuwa wamejipaka nyuso na mikono rangi nyeusi tii, wamejifunga vikoi vya majani, mmoja ameshika mfupa wa plastiki. Waliwakilisha watu wa Afrika. Walikuwa wakiimba kwa furaha, na sidhani walikuwa na nia mbaya. Mmoja wao aliponiona alinyamaza. Alinitazama, kisha akaitazama mikono yake, kisha akautia ule mfupa nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Wenzake walimvuta wakapita.

Wako Waholanzi watakaokuambia kwamba karnivali humcheka kila mtu, kwa hiyo asiyeweza kuchekwa abaki nyumbani. Nimelifikiri neno hilo kwa haki, na naliona halisimami. Meya akivikwa uso wa bandia, uso huo unadhihaki cheo, na cheo ni nguvu. Mji ukijiita kwa tusi lake, unadhihaki jeraha lake wenyewe. Lakini vijana wale walikuwa wamevaa jeraha la mtu mwingine. Rangi ile wao waliinawa usiku kwa maji na sabuni. Mimi niliamka nayo Jumatano, nikaenda nayo posta, nikapanda nayo basi, na kila aliyekuwa ameicheka Jumatatu alikuwa na picha ile machoni aliponitazama. Hata wenyeji wenyewe hubishana juu ya mambo haya. Mwezi wa Februari 2020, habari za ugonjwa wa korona zilipokuwa zikitoka Uchina, redio moja ilipiga wimbo wa karnivali uliowadhihaki Wachina. Maelfu ya watu walilalamika, na mtangazaji aliomba radhi. Siku chache baada ya karnivali ya mwaka huo, tarehe 27 Februari, mgonjwa wa kwanza wa Uholanzi alitangazwa, naye alikuwa Tilburg. Na Brabant, ambako watu walikuwa wamekumbatiana na kuimba siku zile, ikawa miongoni mwa sehemu zilizoumia kwanza na zaidi. Mwaka 2021 mitaa ilikuwa kimya.

Liko na pingamizi jingine, la watu wenye elimu. Hao husema kwamba usawa wa siku tatu ni hila: mfuniko wa chungu hufunuliwa kidogo ili chungu kisifurike, kisha hurudishwa, na tajiri huendelea kuwa tajiri. Pingamizi hili lina uzito, wala sidai kuliangusha. Nasema tu kwamba watawala wabaya hawakuwa na imani nalo. Katika vita ya pili ya dunia, Uholanzi ilipokaliwa na Wajerumani, karnivali ya hadharani ilipigwa marufuku. Kama kicheko kingekuwa mfuniko wa kuwasaidia, wangekiacha. Tena mtu akishaona kwa siku tatu kwamba hakimu ana magoti kama yake na hupiga chafya kama yeye, sijui ni kwa njia gani atasahauje siku ya nne.

Basi ukienda, nenda namna hii. Usisimame kando ukipiga picha, maana mtazamaji ndiye mgeni peke yake pale. Ukipewa tarumbeta usiyoijua, ipulize. Siku ile ya kwanza, nikiwa katika suti yangu, mzee mmoja aliniambia jambo kwa lahaja, watu wakacheka. Sikuelewa, nikakunja uso. Mwanamke aliyekuwa karibu alinifasiria: "Anasema, huyu bwana amekuja kumzika Knillis, lakini amewahi siku mbili." Maana usiku wa Jumanne ile sanamu ya mkulima hushushwa ikazikwa, na karnivali ikaisha, na mimi nilikuwa nimevaa hasa kama mtu wa mazishini. Nilijitazama tangu viatu hadi tai, nikaona kwamba mzee alisema kweli. Nikavua kofia, nikamwuliza kwa huzuni kubwa marehemu aliacha watoto wangapi. Hapo kicheko kilibadilika sauti. Mzee alifungua skafu yake shingoni akanivika mimi, na tangu saa ile hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi.

Asubuhi ya Jumatano niliikunja skafu ile nikaenda kumrudishia. Mafagio yalikuwa njiani, na watu walikuwa wakitoka kanisani na alama ya msalaba wa majivu kwenye paji la uso, na katika mikahawa walikuwa wakila samaki aitwaye haring, kama ilivyo ada ya siku hiyo. Nilimkuta mzee amevaa koti la kijivu na miwani. Sikumtambua mpaka alipocheka. Aliikataa skafu, akaniuliza mimi ni nani hasa na nafanya kazi gani. Nikamwambia ni mwalimu. Akauliza nafundisha nini, nikamwambia lugha. Tukaketi mezani pake, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilitaja jina la kijana yule wa sanduku.